Kuimba bila majaji: tunaoimba kwa kupenda tu, tujadiliane

#1 Kiitikio (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Mtu akisema anapenda kuimba, swali linalofuata karibu kila mara ni "umewahi kushinda wapi?" au "umesharekodi?" Kikundi kikianza leo, kabla hakijashika wimbo wa tatu kimeshaulizwa kitaingia shindano gani. Anayetembea jioni kunyoosha miguu haulizwi na mtu habari za medali, ila anayeimba lazima ajieleze.

Hoja yangu ni kwamba kuimba kwa raha kumekamilika kwenyewe. Hakungoji jukwaa. Tena kuna nidhamu yake, si ile ya mashindano, na hiyo ndiyo ningependa tuijadili zaidi kuliko kulaumu majaji.

Mwaka 2003 watafiti wa Sweden, akiwemo Christina Grape, walichapisha kazi yao kuhusu waimbaji 16. Nusu waliishi kwa kuimba, nusu walikuwa wanajifunza kwa mapenzi tu. Walipimwa kabla na baada ya kipindi cha mafunzo ya sauti. Oksitosini, homoni inayohusishwa na ukaribu kati ya watu, ilipanda kwa makundi yote mawili. Wote walitoka wamechangamka na miili imelegea. Lakini furaha iliongezeka kwa wale wa mapenzi peke yao. Walipohojiwa, wenye kuimba kama kazi walizungumzia mbinu na namna ya kuboresha sauti. Wenzao walizungumzia kujieleza na kutua mzigo. Watu 16 ni wachache, siwezi kujenga sheria juu yao. Ninachokiona humo ni kitu ambacho aliyewahi kuimba atakitambua: akili ikishakaa kuvizia kosa, wimbo unaimbwa na mdomo tu.

Na wimbo wenyewe unabadilika. Kwa shindano unachaguliwa wenye sehemu ya kuonyesha uwezo, mahali pa kupanda juu kabisa na kushikilia. Unarudiwa huo huo miezi kadhaa, mpaka hakuna anayefikiria tena maneno yake yanasema nini. Halafu kuna watu wanaopunguzwa. Wengi humu mnaijua ile kauli: "Wewe fungua mdomo tu, usitoe sauti." Mtoto anaambiwa hivyo mbele ya wenzake, anapelekwa mstari wa nyuma akachezeshe midomo ili kikundi kipate alama. Mimi naita hiyo dhuluma na sipunguzi neno.

Mwaka 2017 Steven Demorest na wenzake huko Marekani waliandika kuhusu watoto wa darasa la sita waliokuwa wanakaribia kuchagua kama wataendelea na somo la muziki. Kilichowatofautisha walioendelea na walioacha hakikuwa usahihi wa sauti zao zilipopimwa. Kilikuwa namna walivyojiona wenyewe kama watu wa muziki, pamoja na mazingira ya nyumbani. Kwa maneno mengine mtoto anaacha akiwa anaweza, kwa sababu ameshaamini hawezi.

Mnaoimba kwa kupenda, njooni. Na wapenzi wa mashindano karibuni pia, nataka kusikia upande wenu.

#2 MamaWawili

Hiyo kauli niliambiwa mimi. Usitoe sauti. Nilikuwa mdogo, nikatii, na nikaendelea kutii hata baada ya aliyeniambia kuwa mbali nami kabisa. Kwenye mikusanyiko watu wakiimba mimi nilikuwa natazama chini.

Kilichonirudisha ni kulea. Mtoto akilia usiku lazima umwimbie, na mtoto mchanga hana habari kama umeshuka nusu sauti. Anachotaka ni wewe. Sasa naimba nikifua, nikikunja nguo, na wanangu wanaitikia. Asante mleta uzi, umenisemea.

#3 TenoMkongwe

Mkuu mleta uzi, kwa heshima zote, napingana nawe kwa sehemu kubwa.

Nimeimba kwaya za mashindano muda mrefu, na sijaona mazoezi yenye maana kama ya wiki za mwisho kabla ya shindano. Watu wanafika kwa wakati. Kila sauti inajua kazi yake. Mwalimu akisema "rudieni kuanzia ubeti wa pili" hakuna anayenung'unika. Ondoa shindano uone: nusu saa ya kwanza ni maongezi, wimbo unaguswa juu juu, kila mmoja anaimba anavyokumbuka yeye, na wiki ijayo mnaanzisha mwingine kabla huo haujaiva. Raha gani hiyo? Raha ninayoijua mimi ni sauti nne zikikaa mahali pake mpaka unasikia kama kuna ya tano juu yake. Hiyo haipatikani kwa kupiga soga.

Tena ni mashindano yaliyonikutanisha na vikundi vingine, nikajifunza kwamba kuna namna nyingine za kuimba. Bila hayo ningebaki na ya kwetu tu.

Kuhusu mtoto kuambiwa afungue mdomo bila sauti, hapo nakuunga mkono moja kwa moja. Huo ni ualimu mbovu, uwe na shindano au usiwe nalo.

#4 Kiitikio (mleta uzi)

TenoMkongwe, nimekusoma vizuri, na kuhusu uvivu tuko pamoja. Kikundi kinachoimba ovyo kinajinyima raha yenyewe.

Lakini umefunga kazi na shindano kwenye furushi moja, nami naomba nifungue. Kusini mwa Marekani kuna utamaduni wa uimbaji uitwao Sacred Harp, kwa jina la kitabu cha nyimbo kilichotoka mwaka 1844. Waimbaji wanakaa pande nne za mraba, kila sauti upande wake, wote wakitazama ndani. Katikati pameachwa wazi. Hadhira haipo. Mgeni akifika anapewa kitabu na kiti, aimbe. Hawafanyi mazoezi ya onyesho kwa sababu hakuna onyesho: kuimba kwenyewe ndiko kulikowaleta. Kitabuni kila noti ina umbo lake, ili hata asiyesoma muziki sana aweze kufuata. Kwanza wanaupitia wimbo kwa majina ya noti, fa, so, la, mi, ndipo wanaingiza maneno. Anayependa anapata zamu ya kusimama katikati ya mraba, achague wimbo na kuuongoza, awe mzee au mtoto.

Na hapo katikati ndipo sauti zote nne zinapokutana. Ndipo mahali bora kuliko pote pa kusikia. Kwenye shindano mahali hapo amekalishwa jaji. Kwao anasimama mwimbaji, kisha anampisha mwenzake. Nikilifikiria hilo nafurahi kila mara.

Wale si wavivu. Nyimbo zao ni ngumu, wanaimba kwa nguvu zote, na mikutano yao inaweza kuchukua siku nzima.

Nami nikuulize, mkuu, bila kukusuta. Umezisifu wiki za mwisho kabla ya shindano. Wiki ya kwanza baada ya shindano inakuwaje?

#5 MsikivuTu

Naongeza kidogo. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett waliwachukua watoto wadogo waliokuwa tayari wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Wengine waliahidiwa cheti kama watachora. Baada ya muda, wale walioahidiwa walichora kwa hiari yao kwa muda mfupi kuliko wenzao, karibu nusu yake. Lakini waliopewa cheti kama hicho bila kuahidiwa kabla, mapenzi yao hayakupungua.

Kwa hiyo kombe lenyewe halina kosa. Ugumu uko kwenye kuimba huku jicho liko kwenye kombe. Mtu akikupongeza baada ya wimbo, pokea, shukuru.

#6 MwalimuWaSauti

Nafundisha kwaya, za mashindano na zisizo za mashindano. Nizungumze na wale wanaosema "mimi sina sauti", maana nahisi ndio wengi wanaosoma uzi huu bila kuchangia.

Wapo watu ambao ubongo wao hautofautishi sauti ikipanda na ikishuka. Ni wachache, makadirio ya juu yanayotajwa ni kama 4 kati ya 100, na mengine ni ya chini ya hapo. Wengi wa wanaoteleza wanasikia sawasawa. Mwaka 2012 Sean Hutchins na Isabelle Peretz waliwapa watu kifaa cha kutelezesha kidole hadi sauti yake ilingane na waliyosikia, kisha wakawaomba wailinganishe kwa kuimba. Kwa kidole walifaulu vizuri, kwa koo wengi wakakosa. Na walipopewa sauti yao wenyewe iliyorekodiwa waifuate, waliifuata vizuri kuliko sauti ya mashine. Sikio lipo. Kinachopungua ni mazoea kati ya sikio na koo, na mazoea yanajengwa.

Ndiyo maana anayeanza simpi kinanda akifuate. Anafuata mtu. Na mtu huyo awe na sauti inayokaribiana na yake: mwanamume mwenye sauti nzito namtafutia mwanamume mwenzake amwanzishie. Akianzishiwa na mwanamke inabidi aihamishe sauti oktava nzima chini (noti ile ile, ila ya chini zaidi), tena papo hapo, na wengi walioitwa "hawana sikio" walipotelea hapo tu, hakuna kingine. Wakati mwingine nafanya kinyume: namwambia atoe sauti yoyote ile, mimi ndiye nimfuate, kisha kikundi kizima kimfuate. Mtu ambaye maisha yake yote amesikia kwamba yuko nje ya sauti, anasikia watu ishirini wakija pale alipo yeye. Uso unabadilika. Kuanzia hapo kumsogeza noti moja juu au chini ni kazi nyepesi.

Jingine ni ufunguo, yaani juu au chini kiasi gani wimbo unaimbwa. Watu wanaimba nyimbo kwa ufunguo wa msanii aliyezirekodi, wakishindwa wanajilaumu. Shusheni. Tafuta kwanza noti ya juu kabisa ya wimbo, ona kama unaifikia bila kukunja shingo, kisha rudi nyuma utafute pa kuanzia. Kuimba bila shindano kuna uhuru huo kamili, utumieni.

Mkiwa wengi, kuna hili la kupandiana sauti. Mtu akiwa kwenye kelele anaongeza sauti bila kujua; Mfaransa Étienne Lombard alilieleza jambo hilo zaidi ya miaka 100 iliyopita kwa watu wanaozungumza, na kwenye kwaya lipo vilevile. Mmoja anaongeza ili ajisikie, jirani naye anaongeza, mwishowe wote wanapiga kelele na hakuna anayesikia. Kipimo changu ni jirani. Usipomsikia, umezidisha.

Mwisho niseme lililo kweli kuhusu mashindano. Kwaya yenye tarehe ya shindano haina muda wa kumngoja mtu anayechelewa kushika. Tarehe imeshapangwa, na mwalimu hata awe na moyo gani atalazimika kuchagua. Kwaya isiyo na tarehe inaweza kumngoja mwaka. Nimeshuhudia watu waliongojwa wakashika, wakaja kuwa nguzo za sauti zao.

#7 MpitaNjia

Mwalimu ubarikiwe, nimesoma mara mbili. Nina maswali. Mimi naimba peke yangu ndani, sina kikundi. Je, na mimi nimo kwenye huu uzi? Pili, nikiimba nyimbo tatu nne sauti inakauka na koo linakwaruza. Tatu, karaoke zenye kutoa alama mnazionaje? Zinanivunja moyo.

#8 MwalimuWaSauti

Umo, tena sana.

Koo: nyuzi za sauti za mtu mzima zina urefu wa sentimita moja hadi mbili na ushee. Mwanamke akiimba ile noti ya la inayotumika kulinganishia vyombo, zinakutana mara 440 kila sekunde. Ni kazi kubwa kwa kitu kidogo hivyo, kwa hiyo usiziamshe ghafla. Anza kwa kuvuma midomo ikiwa imefungwa, au imba kupitia mrija, ukipanda na kushuka polepole. Upenyo ukiwa mdogo mdomoni, hewa inarudisha shinikizo kidogo nyuma na nyuzi zinakutana kwa upole. Fanya dakika chache tu kabla ya wimbo wa kwanza.

Maji unayomeza hayapiti juu ya nyuzi za sauti, yanapita njia ya chakula. Unyevu unazifikia kupitia mwili mzima, kwa hiyo kunywa mapema, usingoje mpaka koo lilalamike. Na shusha ufunguo, nina hakika unaimba juu mno. Ukikwaruza wiki tatu mfululizo bila nafuu, muone daktari wa masikio, pua na koo.

La karaoke namwachia mleta uzi.

#9 Kiitikio (mleta uzi)

MpitaNjia, Daisuke Inoue alipotengeneza mashine yake ya karaoke kule Kobe, Japani, mwaka 1971, alikuwa mwanamuziki wa kuwapigia ala wateja waliotaka kuimba. Mashine ilikuja kufanya kazi hiyo hiyo: kumsindikiza mtu wa kawaida, asiye msanii, aimbe wimbo anaoupenda. Alama zinazotolewa zinapima jinsi ulivyofuata noti na muda uliopangwa. Ukichelewesha neno makusudi kwa kuwa linakuuma, zinakupunguzia. Zima hizo alama, baki na ala.

#10 Binti_Alto

Naomba nami niseme langu.

Shangazi yangu alipata kiharusi, maneno yakampotea. Ukimuuliza jina la mwanawe wa kwanza anahangaika, machozi yanamlenga. Siku moja tukiwa tumekaa naye, mama akaanzisha wimbo wa ibada wa zamani, wa enzi zao. Shangazi akaingia kwenye kiitikio na maneno yote, bila kukwama. Tulinyamaza wote isipokuwa yeye na mama.

Baadaye tulielezwa kwamba si ajabu. Uwezo wa kuzungumza kwa watu wengi unategemea zaidi upande wa kushoto wa ubongo, na wimbo uliozoeleka unaweza kubaki hata upande huo ukiumia. Kuna tiba inayotumia mahadhi kurudisha maneno, iliyoanza kuandikwa na wataalamu huko Marekani mwaka 1973. Haimfai kila mgonjwa, na kuimba hakukumrudishia shangazi mazungumzo yake yote. Ila sasa tunaimba naye kila jioni. Akichanganya beti tunamfuata anakoelekea.

#11 MamaWawili

Binti_Alto, pole, na mpe shangazi salamu zetu. Nimeisomea familia yangu hapa.

#12 TenoMkongwe

Shangazi apone, dada.

Mleta uzi, swali lako la wiki ya kwanza baada ya shindano nimelifikiria. Ni kweli, mahudhurio yanashuka. Tukishinda watu wanapumzika, tukishindwa wengine hawaonekani tena. Nimeona sauti nzuri zikipotea hivyo, na ule wimbo tuliouhangaikia hatuugusi tena. Hilo nimekubali.

Lakini bado nashikilia kwamba kikundi kinahitaji kitu cha kulenga mbele. Bila jaji mtajuaje kama mnapanda au mnashuka? Mtu hawezi kujisikia mwenyewe.

#13 Kiitikio (mleta uzi)

Mkuu, umejibu kwa uungwana, na swali lako linastahili jibu la kazi.

Kwanza, kujisikia kunawezekana. Rekodini wimbo mmoja kwa simu mwanzoni, muuweke bila kuuchambua. Mkishauimba kwa miezi kadhaa rekodini tena, msikilize zote mbili mkiwa pamoja. Hakuna haja ya mtu wa nje. Mtasikia penyewe palipokuwa panatetema na sasa pametulia.

Pili, lengo si lazima liwe jaji. Kuushika wimbo mzima kichwani bila karatasi ni lengo. Kuimba sauti ambayo si yako, wa sauti ya nne aende ya tatu kwa wimbo mmoja, ni lengo, na kunafundisha kusikiliza kuliko hotuba yoyote. Kwenda kumwimbia mgonjwa ni lengo lenye tarehe kabisa, na hamtafika na wimbo mbichi.

Ile nusu saa ya maongezi pia usiidharau. Mwaka 2015 Eiluned Pearce, Jacques Launay na Robin Dunbar waliandika kuhusu watu wazima waliojiunga na madarasa mapya ya kuimba, ya kazi za mikono na ya uandishi, wakafuatiliwa miezi saba. Mwishoni wote walikuwa wamekaribiana sawa. Ila wa kuimba walikaribiana mapema zaidi. Kwa hiyo nadhani suluhisho la maongezi ni kuanza na wimbo, kabla hata watu hawajamaliza kufika. Wimbo wa kupokezana, mmoja anatoa, wengine wanajibu kiitikio kifupi. Anayechelewa anaingia humo humo akiwa bado amesimama mlangoni, wala hakuna wa kumngoja. Maongezi yatakuja baadaye, na yatakuwa matamu zaidi.

Kazi ngumu iwekeni katikati, sauti zikiwa zimepashwa na watu hawajachoka. Mahali panapowashinda pachukueni peke yake, polepole, sauti mbili mbili, mpaka pakae. Mnapafanyia kazi kwa sababu pakikaa panapendeza, na nyinyi ndio mtakaosikia.

#14 TenoMkongwe

Hapo kwenye sauti mbili mbili umesema kitu. Ya tatu na ya nne peke yake, kisha ya kwanza na ya tatu. Naenda kuwajaribishia wenzangu, na nitawaambia kabisa kwamba safari hii hakuna tarehe. Nitaleta mrejesho.

#15 MpitaNjia

Nimezungumza na majirani, tumepatikana watano. Hakuna aliyewahi kuwa kwenye kwaya. Swali dogo: nani aanzishe wimbo? Kuna mmoja ana sauti ya juu sana, nzuri, wote tunamtazama yeye.

#16 MwalimuWaSauti

Huyo asianzishe. Akianza pale panapomfaa yeye, nyie wanne mtaishia kukaza shingo ubeti wa kwanza tu. Aanzishe mwenye sauti ya kawaida kati yenu, aanze chini kidogo kuliko anavyodhani. Mwenye sauti ya juu mwacheni aingie kwenye kiitikio, apande juu yenu kadiri anavyotaka. Na kaeni kwa duara, karibu karibu, msikae kwa mstari.